Mwaka Ambao Dunia Ilifanywa Bapa

Ma Koku aliagwa nyumbani kwake Buswelu, Mwanza, siku ya Jumamosi, kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa kwao Bukoba. Nilifika mapema kwa makusudi, nikitaka kuiona sebule yake kabla haijajaa waombolezaji. Makochi yalikuwa yametolewa nje, mapazia yamefungwa fundo ili hewa ipite, na jeneza lilikuwa limewekwa pale pale ilipokuwa ikikaa meza ya chakula. Mezani pale nilikula mwaka mzima nikiwa binti wa miaka ishirini na minne, mwalimu mgeni wa Kiswahili katika sekondari ya binafsi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Na mezani pale ndipo nilipojifunza kumwonea binadamu mwenzangu kinyaa. Sisemi hasira. Hasira naijua, huja ikawaka na ikaisha. Kinyaa hukaa kooni kama mafuta ya samaki yaliyoganda, unameza na bado kipo. Nilikuwa nimesimama mbele ya jeneza, mkono juu ya kifuniko, niliposikia nje sauti nzito, tamu, ikiwapa watu pole mmoja mmoja. Sikuhitaji kugeuka. Faustine alikuwa amefika, na miaka yote iliyopita haikunisaidia kitu.

Tulikuwa wapangaji watatu wa Ma Koku mwaka ule, wote walimu wa shule moja. Mimi na Perpetua tulichangia chumba cha ndani, chenye dirisha linalotazama mawe makubwa ya mlimani ambako pimbi waliota jua asubuhi. Faustine alikaa chumba cha uani. Perpetua alikuwa mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Ukerewe, msichana mwembamba aliyetembea haraka na kuongea polepole, maana Kiswahili chake kilikuwa na ile shida ya watu wengi wa kwetu ziwani ya kuchanganya ra na la, naye alikuwa akijua hivyo na kujilinda. Faustine alifundisha fizikia. Sitamnyima sifa yake. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, aliyeweza kuwaeleza wanafunzi umeme kwa kutumia bomba la maji na ndoo mbili mpaka aliye nyuma kabisa akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Wanafunzi walimfuata kama vifaranga. Na mimi pia nilimfuata, kwa namna yangu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Desemba angekuja Musoma kuwaona wazazi wangu. Ma Koku alilijua hilo bila kuambiwa, akawa ananipakulia mimi sahani ndogo na Faustine kubwa, akisema mwanamume anayetaka kuoa hula kwa ajili ya safari.

Jioni zetu zilikuwa mezani pale. Ndizi zilizopikwa na maharage zikaiva mpaka zikawa na rangi ya udongo, dagaa waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, na Jumapili sato wa kuchemsha, mzima, aliyekaa kwenye bakuli refu na vipande vya limau. Ma Koku hakuketi mpaka sote tuwe tumepakuliwa. Kisha alivuta kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, akala akiwa na sahani mapajani, akisikiliza. "Ongeeni, waitu," alikuwa akisema tukinyamaza, akitubembeleza kwa neno lake la Kihaya. "Mimi elimu yangu iliishia darasa la nne, hii ndiyo shule yangu." Nikikumbuka maneno hayo leo ndipo naelewa ubaya wa yaliyofuata. Alikuwa anakula na kuamini, vyote kwa pamoja.

Jambo lenyewe lilianza kama mzaha. Ulikuwa mwaka ambao simu za kioo zilikuwa zimeingia mikononi mwa kila mtu, na Faustine alikuwa amenunua moja kubwa. Jioni moja aliiegemeza kwenye chupa ya chai, akatuonyesha video ya mzungu mmoja aliyekuwa anaeleza kwamba dunia ni bapa kama sinia, na kwamba wote wanaosema ni duara wamedanganywa na wakubwa. Tulicheka mpaka machozi. Kisha Faustine akafunga simu, akajifuta mdomo, akasema, "Haya, nibishieni. Mimi ndiye huyo mzungu."

"Faustine, wewe mwalimu wa fizikia," Perpetua alimwambia.

"Leo siyo. Leo mimi mtu wa kawaida mwenye macho mawili. Nimekaa Mwanza miaka yote, nimelitazama ziwa kila siku. Niambie limepinda wapi."

Perpetua aliweka kijiko chini. Yeye hakuwa na mzaha katika mambo yaliyo kweli, na hiyo ndiyo tabia iliyomponza. Alimweleza habari za kivuli cha dunia mwezi unapopatwa, na jinsi nyota zinavyobadilika mtu akisafiri kwenda kusini. Kila alilosema, Faustine alilipokea kwa upole, akaligeuza kidogo, akamrudishia likiwa limechakaa. Hakuwa anajibu hoja. Alikuwa anajibu sura ya anayesema hoja, na sura ya Perpetua ilikuwa inazidi kujikunja. Mimi nilicheka pia jioni ile, sote tulikuwa tunacheka. Ni Ma Koku peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameshika tonge hewani. "Lakini Faustine mwanangu," akasema, "hata Biblia inasema pembe nne za dunia." Faustine akamgeukia, akainamisha kichwa kwa heshima na kusema, "Asante, mama. Umeona, Perpetua? Mama ameelewa." Niliona jinsi uso wa yule mama ulivyong'aa.

Wiki zilizofuata Faustine alihamishia mzaha wake kwenye kibanda cha chai karibu na lango la shule, mahali ambapo waendesha bodaboda na mafundi wa ujenzi walikuwa wakipumzika mchana. Nilimkuta huko mara kadhaa, amesimama, kikombe mkononi, watu wamemzunguka. Niliona kitu ambacho darasani hakikuwepo. Darasani walimpenda kwa sababu aliwafanya waelewe, na kuelewa kuna jasho lake. Pale kibandani walimpenda kwa sababu aliwaambia kwamba wamekuwa wakielewa siku zote, na kwamba waliosoma ndio waliodanganywa. Wakawa wanampigia makofi kwenye mapaja yao. Mtu mmoja akamrekodi, video ikasambaa kwenye makundi ya simu, na kabla ya mwezi kwisha watu tusiowajua kule Kirumba na Butimba walikuwa wakimsimamisha njiani. "Wewe ndiye yule mwalimu wa dunia bapa." Alikuwa akirudi nyumbani amenyooka zaidi ya alivyotoka. Aliacha kusema "mimi ndiye huyo mzungu." Alianza kusema "sisi tunaohoji."

Wanafunzi nao wakaanza. Perpetua akiingia darasani walimuuliza kwa adabu ya uongo kama ana hakika. Yeye, badala ya kuwafukuza, aliwapanga mistari akawapeleka Igombe, kwenye mawe ya ufukweni, na darubini aliyoiazima kwa mjomba wake. Nilikwenda naye kumsaidia. Aliwaonyesha meli ikielekea kaskazini, akawaambia wasiongee, watazame tu. Tumbo la meli lilizama kwanza nyuma ya mstari wa maji, kisha madirisha, na kwa muda mrefu kilibaki kipande cheupe cha juu peke yake, kama mtu aliyeingia majini mpaka kidevuni. Aliwaonyesha vilima vya Ukerewe, vichwa tu bila miguu. "Kule chini ya vilima kuna mitende na kuna nyumba," aliwaambia, "na kwa darubini hii nyumba zingeonekana. Ziko wapi?" Walinyamaza kimya kizuri. Msichana mmoja aliomba darubini mara tatu. Jioni mezani Perpetua alisimulia akiwa na furaha ya kitoto, na Faustine alimsikiliza akichambua miiba ya samaki. Mwishoni akasema, "Ni mvuke wa ziwa tu huo," akatabasamu. Siku ya pili aliwaambia wanafunzi maneno hayo hayo, na kile kimya kizuri kikaisha.

Mkurugenzi wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa mmiliki wake, aliona watu wanavyoijaza njia ya shule yake wakimtafuta Faustine. Akaamua kwamba siku ya wazazi patakuwa na mdahalo wa wazi, dunia bapa au dunia duara, Faustine upande mmoja na Perpetua upande mwingine. Perpetua alikataa. Ndipo Faustine alipomwita mezani, mimi nikiwepo, Ma Koku akiwa amekwenda kwenye jumuiya ya kanisa, akazungumza naye kwa sauti ile ya darasani ambayo mimi nilikuwa nimeipenda.

"Perpetua, nisikilize. Unadhani mimi ni mwendawazimu? Dunia ni duara. Ninajua kama unavyojua wewe. Watoto wetu hawajui kujenga hoja, wanakariri tu. Wakituona tukipambana, watafikiri. Na mwishoni nitachukua maikrofoni niseme wazi kwamba lilikuwa zoezi, na kwamba mwalimu wenu wa jiografia yuko sahihi. Mbele ya wazazi wote."

"Utasema?"

"Vero ni shahidi," alisema, akinionyesha mimi.

Perpetua alinitazama. Nilimwambia kwamba Faustine akisema atafanya, atafanya. Niliamini hivyo. Nilikuwa nataka kuolewa na mtu huyo, ningeamini nini kingine.

Siku yenyewe palikuwa na maturubai, spika za kukodi zilizokuwa zikipiga kelele kila mtu alipozisogelea, na kreti za soda kwenye maji. Wazazi walijaa, na wasio wazazi walijaa zaidi. Perpetua alivaa gauni la bluu alilolipiga pasi asubuhi mara mbili. Alibeba tufe la shule, lile la plastiki lililobonyea upande wa bahari ya Pasifiki, na darubini, na michoro ambayo wanafunzi wake wa Igombe walikuwa wameichora kwa mikono yao. Aliongea vizuri kwa dakika chache za mwanzo. Kisha akaona watu wanaangalia nyuma yake, wanamwangalia Faustine aliyekuwa anafuta miwani yake na kutabasamu, akaanza kuharakisha, na katika kuharakisha ulimi ukamponyoka. Alisema dunia ni mvilingo. Akajisahihisha, akasema mvilingo tena. Kicheko kidogo kilipita chini ya turubai. Alimaliza akiwa anasoma kwenye karatasi.

Faustine alisimama na glasi ya maji tu. Aliwaamkia wazee shikamooni, wakaitikia marahaba kwa sauti moja kama wanafunzi. "Mimi sina darubini," alisema. "Nina maji, kama mliyonayo majumbani." Akaiinamisha glasi kushoto, akaiinamisha kulia. "Maji yamekaa sawa au hayajakaa sawa?" Yamekaa sawa, wakajibu. "Sasa mimi ninaambiwa ziwa lote hili, kutoka hapa mpaka Bukoba, mpaka Kisumu, limekalia juu ya," akasita, akamgeukia Perpetua kwa adabu kubwa, akachukua sauti yake, sauti yake kabisa, ile ya polepole na ya kujilinda, "juu ya mvilingo." Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mama mmoja karibu yangu alijipiga kifuani akitafuta pumzi. Faustine aliwasubiri wamalize, akalirudia neno lile, wakacheka tena, na akalirudia tena. Hakuna hoja nyingine aliyoitoa ninayoikumbuka. Hakuhitaji. Perpetua alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, tufe mapajani, anatazama kamba za viatu vya mtu aliyekaa mbele yake.

Kisha ukafika ule mwisho alioahidi. Mkurugenzi alimpa maikrofoni afunge. Faustine aliipokea. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Perpetua, akaisogeza maikrofoni mdomoni. Nikajua sasa anasema. Nilikuwa nimeanza hata kutabasamu. Ndipo baba mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Wewe ndiye mwalimu bwana, hao wengine wanakula mishahara," na makofi yakaanza huko nyuma yakaja mbele kama mvua inavyotembea juu ya mabati. Niliona uso wa Faustine ukilegea, ukawa kama uso wa mtu anayekandwa mgongo. "Ukweli mmeusikia wenyewe," akasema. "Mimi sina la kuongeza." Watu wakamwinua juu. Wanafunzi wa kidato cha tatu walilichukua tufe kutoka kwa Perpetua, kwa kumwomba kabisa, "samahani, madamu," na nilipotoka nje ya turubai walikuwa wanalipiga danadana uwanjani kama mpira.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipokaa mezani. Ma Koku alikuwa amempikia Faustine sato mkubwa kwa kumpongeza, na alikuwa jikoni anaimba. Faustine alianza na kichwa, kama kawaida yake. Alikivunja kwa vidole, akafyonza ubongo, akatoa jicho akaliweka ulimini. Nilikuwa nimemwona akila hivyo mara nyingi na kukuona ni uanaume. Siku ile nilitazama ile midomo inayong'aa mafuta na nikajua kwamba sitaweza kuibusu tena, wala kula nayo sahani moja, wala kukaa nayo nyumba moja. Halikuwa jambo la kuamua, mwili wenyewe ulikataa.

"Uliahidi," Perpetua alisema.

"Nilitaka kusema. Lakini uliwaona wale watu? Ningewaharibia siku."

"Na mimi?"

"Perpetua, ule ni mdahalo tu. Dunia haijabadilika umbo kwa sababu ya mdahalo. Kesho asubuhi itakuwa duara vile vile." Akacheka, akanyoosha mkono kuchukua ndizi. "Kula, chakula kinapoa."

Nilimwambia siku ya pili, karibu na tangi la maji, kwamba Desemba asije Musoma. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Unaniacha kwa sababu ya duara na bapa?" Nilimjibu kwamba ninamwacha kwa sababu yake mwenyewe. Hakuelewa. Nadhani mpaka leo hajaelewa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko kama angeelewa akaendelea.

Perpetua ndiye aliyebeba mzigo wa mwaka ule. Wanafunzi walimpa jina la Mvilingo, wakaliita kutoka nyuma ya ukuta, kutoka dirishani, kutoka kwenye kundi lililopita barabarani. Mchana mmoja niliingia chumbani kwetu bila kubisha, nikamkuta ameketi kitandani anatazama ukuta, ananong'ona, "mviringo, mviringo, mviringo," polepole, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Aliponiona alinyamaza, akaanza kukunja nguo. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, swali lilitaka uthibitisho kwamba dunia ni duara, na kundi zima la wanafunzi liliandika kwamba swali lina makosa. Perpetua aliwapa sifuri. Wazazi wakalalamika, mkurugenzi akamwita ofisini, na kwa kuwa ukuta wa ofisi ile na chumba cha walimu ulikuwa wa mbao, tulisikia wote.

"Wape hata nusu, mwalimu. Kila mtu na mtazamo wake."

"Nikiwapa nusu hapa, mtihani wa taifa utawapa nini?"

"Unataka kunifukuzia watoto?"

"Nataka wafaulu, mkurugenzi. Mimi nikifukuzwa, sawa."

Faustine alikuwa katika chumba cha walimu pia, anasahihisha madaftari ya fizikia, akiweka tiki kwenye majibu yaliyokuwa sahihi na alama ya mkasi kwenye yale yasiyo sahihi. Hakuinua kichwa. Neno lake moja lingemaliza jambo lile. Niliitazama kalamu yake nyekundu ikienda na kurudi, nikatoka nje kutema mate.

Perpetua hakutoa hizo alama. Kila siku baada ya masomo alikaa darasani kuwafundisha upya waliotaka, na mwanzoni walikuja watatu, mmoja wao yule msichana wa darubini. Hofu ya mtihani ilipokaribia wakaongezeka, hata wale waliomwita jina. Aliwafundisha wote bila kuwakumbusha. Karatasi ya mwisho ilipokusanywa, alirudi nyumbani, akafunga begi, na siku iliyofuata akapanda meli ya Nansio, kurudi kwao Ukerewe.

Lakini kabla hajaondoka palitokea jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niipande barabara ya Buswelu Jumamosi ile kumuaga Ma Koku. Ma Koku alikuwa ameamini. Hakuwa ameamini kwa mzaha kama wa kibandani, aliamini kwa moyo wake wote, kwa sababu Faustine alikuwa mwalimu na alikuwa kama mwanawe. Katika jumuiya yao ya kanisa alikuwa amebishana na wanawake wenzake kwa ajili yake, wakamcheka, na mmoja wao wakaacha kusalimiana naye. Jumapili moja mchana Faustine alikuwa na wageni sebuleni, marafiki zake wawili wa mjini. Mimi nilikuwa koridoni napiga pasi, na Ma Koku alikuwa anapita na bakuli la ndizi. Mmoja wa wale wageni akamuuliza Faustine kama kweli anaamini maneno yake. Faustine akacheka. "Mimi? Hata siku moja. Lakini utamu wake ni kuona watu wanavyomeza. Hata huyu mama mwenye nyumba amemeza. Kesho nikimwambia ziwa lina kifuniko, atakwenda kukitafuta."

Ma Koku alisimama palepale, bakuli likitoa mvuke usoni kwake. Niliacha pasi. Alinitikisia kichwa nisiseme, akaingia sebuleni, akawasalimia wageni, akawapakulia mmoja baada ya mwingine, na mwisho akampakulia Faustine, sahani kubwa kama siku zote. Kisha akasimama mbele yake huku amefumbata mikono juu ya khanga.

"Faustine mwanangu, kula ushibe. Ukimaliza utafute chumba mahali pengine."

"Mama, ulikuwa utani."

"Nilikusikiliza nikitaka kujua," Ma Koku alisema. "Kama ulikuwa unataka kucheka, ungeniambia. Mimi ningekuchekesha kwa mengine."

Alirudi jikoni. Faustine aliwatazama wageni wake, akainua mabega, na akala. Niliona kwa mlango uliobaki wazi. Alimaliza sahani nzima.

Baadaye alihamia Dar es Salaam, akawa mtu wa kualikwa kwenye mikutano na redio kuzungumza habari za kufikiri kwa uhuru. Mimi niliendelea kufundisha, na shule zote nilizopita nimekataa kusimamia midahalo. Wenzangu wanadhani ni uvivu. Sitaki tu kumfundisha mtoto kwamba upande wa kusimama ni jambo la kura. Perpetua yeye sasa ni mkuu wa shule kisiwani kwao, amenenepa kidogo, anaongea polepole kama zamani, na ra zake na la zake huziacha ziende zitakako.

Alikuja msibani na meli ya asubuhi. Tulikaa pamoja kwenye mkeka wa wanawake baada ya ibada, sahani za pilau mikononi. Faustine alikuwa amepewa maikrofoni, akaeleza jinsi marehemu alivyompenda, jinsi alivyomlisha, jinsi nyumba ile ilivyokuwa chuo cha fikra. Watu wengi walimtambua, wengine walimrekodi. Alikuwa amekuja na binti yake wa miaka kama kumi, mtoto mzuri mwenye macho ya haraka, ambaye alitumwa kukaa na sisi. Perpetua alimsogezea nafasi, akamuuliza kama anapenda shule.

"Napenda, lakini mwalimu wa sayansi hanipendi," mtoto alisema. "Alitufundisha dunia ni duara. Baba akaja shuleni akamwambia mbele ya darasa aache kutufundisha uongo. Sasa nikinyoosha mkono hanichagui. Na wenzangu wananicheka."

Perpetua aliacha kutafuna. Faustine alikuwa ameshuka, anakuja kwetu na sahani yake, akipeana mikono na watu njiani. Alipofika alitusalimia kwa majina, kwa uchangamfu, kana kwamba tulikuwa tumeachana juzi tu.

"Faustine," Perpetua alisema, kwa upole kabisa, "mtoto ana swali la shule. Mjibu."

Aliangalia kulia na kushoto. Mikeka ya karibu ilikuwa imejaa, na vijana wawili walikuwa bado wameshika simu. "Haya si mambo ya msibani," alisema. "Mwanangu anajua msimamo wa baba yake." Akamshika kichwani. Mtoto aliinua macho kwake kwa imani ile ambayo niliwahi kuiona katika nyumba ile ile, kwenye uso wa mwanamke ambaye sasa alikuwa amelala ndani ya jeneza. Niliweka sahani chini.

"Baba yako anajua kwamba dunia ni duara," nilimwambia yule mtoto. "Amejua siku zote. Alituambia sisi wawili, ndani ya nyumba hii."

"Vero," Perpetua alisema.

Mtoto alimtazama baba yake. Alisubiri akatae. Sote tulisubiri, na ilikuwa rahisi kukataa, kwa maana ni uongo mdogo tu baada ya mingi mikubwa. Faustine alinitazama, akaweka sahani yake mkekani.

"Baba, ni kweli?"

"Twende," alisema. "Tutachelewa ndege."

Walipokuwa wakivuka uwanja Perpetua aliniambia kwamba sikutenda vyema, kwamba mtoto hana kosa, na kwamba yeye angemwachia alijue mwenyewe ukubwani. Nilimwambia najua. Tukalitazama gari lao. Faustine alimfungulia binti yake mlango wa mbele. Yule mtoto akauzunguka, akaufungua wa nyuma mwenyewe, akaingia, akaufunga.